Shilingi Juu ya Sindano

Hadi leo nikimwona mtu anaweka shilingi juu ya mkono wa gramafoni, naaga na kuondoka kabla sijasema neno la kunivunjia heshima. Wanasema inazuia sindano isiruke. Inazuia, kweli. Hata mbwa ukimvunja miguu hatazurura.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, nateremsha kabichi kutoka kijijini kwetu Uluguru hadi Mazimbu, kwenye jiko la wakimbizi wa kusini, waliokimbia utawala wa makaburu. Huko ndiko nilikomsikia mpuliza saksafoni mmoja, kwenye santuri, dirishani kwa mwalimu wao, mama wa makamo. Nikatua tenga. Sisi tulizoea jazi ya Morogoro, ya magitaa, ambayo mguu unaijua kabla ya sikio. Huyu hakuwa na habari na miguu ya mtu. Alipuliza kama aliyenyimwa zamu ya kusema mkutanoni, sasa kaipata, mwenyekiti atake asitake.

"Unalia?" mwalimu akaniuliza.

"Vumbi, mwalimu."

"Mvua yote hii?"

Tangu siku hiyo kila nikileta kabichi nilisimama pale. Alikuwa na sanduku zima la santuri za mtu huyo mmoja, ambaye alirekodi kama mkulima anayepanda kila tone likidondoka: moja na ngoma tupu, moja peke yake, nyingine na kundi la watu wanaopuliza wote kwa pamoja kama soko. Mwalimu alitoroka kwao na nguo chache na sanduku hilo. Mwisho akanionea huruma. Akasema ataniazima moja, na nikiirudisha salama atanipa inayofuata, mpaka sanduku liishe. Nilitoka pale nikijiona tajiri.

Gramafoni ilikuwa kwa mjomba wangu, Kilakala. Kwetu Waluguru kauli ya mjomba inapita ya baba, kwa hiyo chombo chake hukigusi, unasubiri akiguse yeye. Tukaanika betri juani zipate nguvu, maana dukani hazikuwepo. Majirani wakaja.

"Mbuzi wa nani anachinjwa?" akauliza mmoja.

"Na kisu butu," mwenzake akasema.

Nikavumilia. Ikafika sehemu niliyoipenda kuliko zote, anaposhika sauti tatu na kuzirudia, kuzirudia, kila mara akizigeuza kidogo, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Hapo unatakiwa usubiri tu.

"Imekwama," akasema mjomba.

"Haijakwama, mjomba. Ndivyo anavyopiga."

"Mtu mzima gani anasema jambo moja hivyo?"

Wewe, kwenye vikao vya nyumba kumi, nikawaza. Mjomba akaweka shilingi juu ya sindano. Mpulizaji akaendelea kurudia. Akaongeza shilingi nyingine, kisha akakandamiza kwa kidole. Ikatoka sauti ya jembe kwenye jiwe, na majirani wakatikisa vichwa kwa kuridhika: sasa imepita.

Kwa desturi yetu, mpwa akiharibu cha watu, mjomba huenda kumsemea. Mimi sikuwa nimeharibu kitu, na niliapa sitajisemea. Asubuhi nikaketi kizingitini kwake, nikamwambia sibanduki mpaka twende wote. Akatafuta jogoo wa kuombea radhi, akavaa koti, tukaenda. Na unajua alisemaje kule?

"Mwalimu, kijana wetu alipewa santuri mbovu."

Mwalimu hakubisha. Aliiweka kwenye mashine yake tukasikiliza. Zikafika zile sauti tatu. Zikarudi. Zikarudi tena, zilezile, bila kugeuka hata chembe, ufunguo mmoja kwenye kufuli lilelile. Mjomba akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Sasa ndiyo imekwama," akasema taratibu. "Jana haikuwa hivi."

"Hapana," mwalimu akasema. "Jana haikuwa hivi."

Akainua sindano, akafunga sanduku. Santuri hazitatoka tena, akaniambia. Nikitaka, dirisha nalijua. Utajiri wangu wote ukaishia hapo, kwa shilingi mbili na kidole.

Mjomba alikuwa bado kamkumbatia jogoo wake.

"Huyo mpulizaji, huwa anatokaje hapo?" akauliza.

Mwalimu akanitazama mimi. Basi nikamwimbia mjomba kwa mdomo wangu, kila ufunguo kwa zamu, mpaka mlango ulipofunguka. Niliimba kwa hasira, na safari hii alisubiri.