Neno la Kinyozi kwa Mkewe

Ukimtaka kinyozi huyu atoe neno kwenye sherehe yako, usimpelekee wasifu wa mtu kwenye karatasi. Wageni walifanya hivyo, naye karatasi alizipokea kwa heshima zote, kisha akazifutia wembe. Alichotaka yeye ni kusimama nyuma ya kichwa cha mtu, mashine ikinguruma, aulize swali lake moja: huyu bwana harusi wenu, hufanya nini akidhani hakuna anayemtazama? Mtu aliyefungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia. Anasema tu. Basi kinyozi analichukua jambo lile moja dogo mpaka ukumbini, na kwa dakika tatu, si nne, anawachekesha watu, anawanyamazisha, halafu anawainua vitini na glasi zao za soda huku macho yamewalowa.

Ndiyo maana walimwita Bwana Glasi. Kwa miaka thelathini na moja, harusi bila yeye ilikuwa kama chakula bila chumvi. Wale wasemaji wanaoanzia shule ya msingi mpaka watu wanasinzia, aliwacheka mchana kweupe. Alikuwa akisema, usimsifu mtu kwa sifa inayomtosha kila mtu. Shati linalomtosha kila mtu si la mtu yeyote. Na alikuwa na haki ya kusema, maana alikuwa bingwa kweli. Hilo simnyimi.

Lakini mkewe je? Mkewe alikuwa dobi wa hospitali. Alifua mashuka ya wagonjwa na makoti ya madaktari tangu usichana wake, na kila Jumamosi, akiwa hajapumzisha hata mgongo, alimpigia mumewe pasi shati jeupe la kuvaa kwenye sherehe za watu. Mume chumba cha ndani, anafanya mazoezi ya maneno yake kwa sauti. Mke huku, anapiga pasi. Hakuwahi kwenda naye. Mwanzoni alisema miguu inamuuma, na kinyozi hakumwuliza mara ya pili.

Ikafika zamu ya dobi kustaafu. Msimamizi wake alikuja mwenyewe kinyozini na kusema wanaandaa hafla ndogo mchana, na nani mwingine wa kumwinulia glasi mama yao kama si mumewe? Mcheza kwao hutunzwa, bwana. Kinyozi alicheka, akakubali, akajigamba kwa wateja siku tatu nzima.

Siku ya nne majigambo yakamwishia. Alikuwa anamnyoa mtu, akajiuliza lile swali lake mwenyewe: mke wangu hufanya nini akidhani hakuna anayemtazama? Jioni akamtazama akila, akaona mtu anakula. Akamtazama akikunja nguo, akaona mtu anakunja nguo. Mchapakazi, mvumilivu, mama mwema: mashati ya kumtosha kila mtu. Angeweza kwenda kuuliza. Lakini aende kwa nani, na aanzeje? Samahani, niambieni habari za mke wangu? Kinyozi hajinyoi, tunajua, ila kinyozi mwenye akili huenda kwa kinyozi mwenzake. Huyu aliona aibu, akajiambia neno litakuja lenyewe akisimama. Lilikuwa halijawahi kumtupa.

Hafla ikafanyika palepale chumba cha kufulia. Meza ndefu za kukunjia zilitandikwa mashuka mapya, mashine zikazimwa, na mkewe akakaa katikati na gauni la bluu ambalo kinyozi hakukumbuka kuliona. Alianza kwa utani, kwamba mama huyu amefua mashuka ya mji mzima, kwa hiyo siri anazozijua tumheshimu tu. Wakacheka. Halafu pakafika pale pa jambo dogo, pale ambapo watu wote hunyamaza, na kichwa chake kilikuwa kitupu. Mdomo uliozoea kazi ukaenda ghalani wenyewe.

"Mvua ikianza usiku," alisema, "mke wangu huamka kufunga dirisha. Akirudi, hunifunika miguu. Anadhani nimelala. Sijalala."

Jamani, walilia. Msimamizi alijifuta kwa ncha ya shuka. Glasi zikainuka, zikagongana, wakanywa. Mkewe aliinua yake mpaka kidevuni, akamtazama mumewe kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba, akairudisha mezani imejaa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye amebeba birika walilomzawadia mkewe. Mlangoni mkewe alivua viatu, akaviweka sawasawa.

"Anayefunika miguu ni mke wa seremala," alisema. "Maneno hayo uliyatoa kwenye sherehe yao, miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa nakupigia pasi shati wakati unayafanyia mazoezi."

Kinyozi alitaka ardhi ipasuke. Akaomba radhi, akashika kichwa, mwisho akasema basi nieleze wewe, mvua ikinyesha unafanya nini? Mkewe akamwambia asimwulize yeye. Wa watu huwa anakwenda kuwaulizia. Na huyu wake akamwulizie.

Akaenda. Kesho yake asubuhi alifunga kibanda chake cha kunyolea, akapiga moyo konde, akarudi kwenye chumba kile cha kufulia. Alimkuta mama mmoja ambaye kwa miaka yote ndiye aliyeshika ncha mbili za shuka huku mkewe akishika nyingine mbili. Kinyozi akamwuliza swali lake. Yule mama hata hakufikiri. Si anaimba, alisema. Anaimba kutwa, na ana sauti, we! Wagonjwa wa wodi ya juu walikuwa wanaomba madirisha yafunguliwe. Leo wameshauliza mara mbili mwimbaji yuko wapi.

"Mwenzetu umefaidi," akamwambia. "Sauti ile kila siku nyumbani."

Kinyozi akasema ndiyo, amefaidi. Huo ulikuwa uongo wake wa pili kuhusu mkewe ndani ya siku mbili.

Maana nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuimba. Alifika akamkuta mkewe anachambua mchele, akakaa chini mbele yake, akamwuliza kwa nini. Mkewe aliendelea kuchambua. Akamkumbusha mwaka wao wa kwanza, harusi ya rafiki yake, neno lake la kwanza kabisa kulitoa mbele ya watu. Kinyozi alikuwa mezani na kalamu, mkewe jikoni anaimba.

"Ukaniambia, nyamaza kidogo, mke wangu, natafuta maneno," alisema. "Nikanyamaza. Hukurudi kuniambia kama umeyapata."

Bwana Glasi alilia pale sakafuni, kilio kibaya cha mtu mzima, bila aibu. Alimsihi aimbe sasa, hata kidogo. Na mkewe, Mungu ampe nini sijui, alijaribu. Aliweka ungo pembeni, akasafisha koo, akafungua mdomo. Akaufunga. Akasema humu ndani, mumewe akiwapo, wimbo hautoki; hajui auanzie wapi.

Tangu siku hiyo kinyozi hakutoa neno kwa mtu. Wanaomfuata anawaambia koo linamsumbua. Jumamosi anashinda nyumbani, redio amezima, anangoja. Asubuhi akitoka kwenda kazini alikuwa anafunga mlango halafu anasimama kizingitini, ameshika funguo kwa nguvu zisilie, anasikiliza. Alisikia bomba, sufuria, kiti kikivutwa. Wateja wakamlalamikia kwa kuchelewa.

Mpaka jirani wa nyumba ya pili alipokuja kunyolewa. Akiwa na kitambaa shingoni, bila hata kuulizwa, akasema siku hizi asubuhi kwenu kuna raha, shemeji anaimba mpaka watoto wanasimama njiani. Kinyozi akazima mashine. Akauliza ni saa ngapi. Jirani akasema inategemea, siku nyingine saa mbili, siku nyingine karibu saa tatu. Siku ukichelewa kuondoka pale mlangoni, alisema, naye huchelewa kuanza.

Sasa hasimami tena. Akishafunga mlango anakohoa kwa nguvu, anatikisa funguo ili zisikike mpaka jikoni, anaburuza viatu kwenye ngazi kama mzee wa miaka tisini. Geti analibamiza. Kisha anakwenda kazini haraka, wala hageuki.