Ufunguo wa Maabara

Nakumbuka asubuhi moja ya mtihani wa kemia, mwanangu. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya kutwa huko juu ya Karatina, na ufunguo wa maabara niliuvaa shingoni. Tulikuwa na bureti kumi na mbili, mpya kabisa, ile mirija mirefu ya glasi ya kupimia asidi. Ukiugonga mmoja vibaya, umekwisha. Niliogopa kuulizwa na mkuu wa shule, basi nikazifungia kabatini. Somo nikalichora ubaoni, vipimo nikaviandika mwenyewe, wanafunzi wakanakili. Na nilijiona mwalimu hodari, ati.

Siku ya mtihani mwalimu wa somo haruhusiwi ndani, kwa hiyo nilisimama nje, dirishani. Nilimwona Wanjiru, aliyekuwa akiongoza darasa lake, na ambaye alitaka kitu kimoja tu maishani: kuwa muuguzi. Hakujua bureti inafunguliwaje. Alipoifungua, asidi ilimwagika yote kwa mpigo, rangi ya dawa iliyokuwa kwenye chupa chini yake ikapotea kabla hajasoma kipimo chochote. Akatazama saa. Akanitazama mimi. Nilitaka kumwita na sikuweza. Kisha akainama, akaanza kuandika haraka haraka, nami moyo ukanishuka, maana hakuwa na cha kuandika.

Alipotoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nimeandika vile vipimo vyako vya ubaoni."

Mzee Gathogo, aliyekuwa akituoshea vyombo vya maabara, alikuwa ameona yote. Hakunifokea. Alizipanga bureti mezani, akaniita.

"Hesabu, mwalimu. Ziko zote. Hakuna hata moja iliyovunjika."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena tangu siku hiyo.

Uuguzi Wanjiru hakuupata. Leo anauza viazi sokoni Karatina, bado ananiita mwalimu kwa heshima, na heshima hiyo inanichoma.

Sasa ufunguo umekabidhiwa wewe, na Jumatatu binti yake Wanjiru anaingia darasa lako la sayansi. Fungua mlango siku hiyo hiyo. Mpe bureti aishike mwenyewe. Amwage, akosee, arudie, kisha aandike alichokiona kwa macho yake, hata kama si kile ulichotarajia. Glasi zikivunjika na mkuu akiuliza, mwambie aje kwangu, nitamjibu mimi.

Mungu akupe mikono isiyoogopa, mwanangu, na mwisho wa mwaka akukute na kabati lenye glasi zilizopungua.