Njia ya Chini ya Minyaa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, ilipita miezi saba bila mtu yeyote kunishika mkono, isipokuwa watu wa nyumbani kwetu na Afande.

Mama alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo akaishi siku tatu tu. Tulipomaliza kumzika, bibi, mama yake baba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sasa tuko kwenye metimani. Kwetu Wairaqw hilo ni neno zito. Nyumba iliyofikiwa na kifo cha namna ile hutengwa, na anayeikaribia huondoka na kifo hicho akakipeleka kwake: ng'ombe wake watatoa mimba, mtoto wake atamfuata wetu. Kwa hiyo hatukwenda dukani, hatukwenda kisimani, hatukwenda shule. Baba alikuwa kwenye vibarua vya ujenzi Haydom, akaambiwa asirudi mpaka tutolewe. Tukaachiwa njia yetu, inayopita chini ya ua wa minyaa na kushuka korongoni kwenye kijito. Mtu mwingine hakuikanyaga, ila mmoja.

Mwalimu aliandika kwenye rejesta kwamba naumwa. Katekista alitupungia mkono kutoka barabarani, halafu akaangalia upepo unatokea wapi. Sitanii. Watu wazima, Wakristo, wenye simu mfukoni, waliangalia upepo.

Afande alikuwa kapteni mstaafu. Alizaliwa palepale kijijini, juu ya Endasak, akaenda jeshini kijana na kurudi mzee, na goti gumu na filimbi iliyoning'inia shingoni. Mke alishafariki, watoto wako Arusha. Metimani aliijua vizuri kama sisi, na kila Jumamosi aliipita njia yetu mchana kweupe, akiwa na sukari, magazeti ya zamani na madaftari yangu. Bibi alimngoja mlangoni amgombeze.

"Mwanangu, hii njia usiipite. Itakumaliza."

"Mama, mimi nimepita njia zilizotegwa mabomu. Hii ina utelezi tu."

Bibi alicheka, lakini hakuufuta ule usemi wake.

Mimi alinifundisha hesabu, na alinifundisha kutoa taarifa. Simama wima. Nani, wapi, tangu lini, hali yake ikoje. Usilie, usizunguke. Leo chuoni, kwenye mdahalo, wenzangu husema naongea kama mtu anayetoa amri. Hawajui nilikojifunza.

Jumamosi moja hakuja. Jumapili mpwa wake alipita kwake akasikia simu inaita ndani, mlango umefungwa kwa nje. Likapigwa baragumu la kuita watu. Sisi tuliutazama msako kutoka uani, kama watu wanaotazama mpira wasioruhusiwa kuucheza. Wanaume na mbwa walipanda mlima Hanang, kwa sababu Afande alipenda kuupanda. Jumatatu likaja lori la jeshi, vijana wakapangwa mstari, nao wakaelekezwa mlimani.

Jumapili sikushuka kijitoni. Tulikuwa na maji ya mvua. Hilo nimelifikiria mara nyingi. Jumatatu mchana nilishuka na ndoo, na kwenye kona ya korongo nikasikia filimbi, mara tatu, dhaifu. Alikuwa chini ya ukingo. Mguu wa kulia ulikuwa umekaa vibaya, mfuko wa sukari umepasuka, sisimizi wameshaufikia. Alikuwa pale tangu Jumamosi, akija kwetu.

Nilimpa maji kwa kiganja. Nikamwita mama, tukajaribu kumwinua, tukashindwa; mama mwenyewe alikuwa bado hana nguvu. Simu ya mama ilizimika tangu wiki ya kwanza ya metimani, maana kuchaji ni dukani. Afande akanishika mkono.

"Nenda kawape taarifa. Bila kulia."

Ng'ambo ya minyaa, shambani kwa baba mdogo, wanawake walikuwa wanapika chakula cha watu wa msako. Nikasimama wima.

"Afande yuko korongoni, njia ya chini, tangu Jumamosi. Mguu umevunjika. Yuko hai."

Wanawake waliwafunika watoto kwa kanga. Donge la udongo likanipiga kwenye goti. Baba mdogo akanyoosha mkono.

"Ishia hapohapo, mwanangu. Upepo unatoka kwako. Ukivuka, Yusto atakufa."

Yusto alikuwa mtoto wake, wa miezi miwili. Nilirudia taarifa yangu, neno kwa neno. Na walinisikia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye walisema hawakunielewa. Niliwaona wakitazamana. Wakaanza kubishana kwa sauti ya chini: atakayeshuka, na yeye atatengwa, na huu ni msimu wa kupanda, lazima achinjwe kondoo kwanza, mzee wa kumchinja yuko Balangdalalu. Mwanamke mmoja akasema filimbi aliisikia tangu jana, akadhani ni mambo ya huko chini. Mwishowe baba mdogo akasema huyo mzee wa kondoo atafuatwa kesho asubuhi na mapema.

Jioni askari walishuka kutoka mlimani. Nilikuwa bado nyuma ya minyaa. Mkubwa wao akauliza kama upande wa chini umeshatafutwa.

"Huko hakuna njia," akajibu mwenyekiti wa kitongoji.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya njia hiyohiyo. Nikafungua mdomo. Baba mdogo akatazama kwenye minyaa, na nyuma yake nikamwona Yusto mgongoni kwa mama yake, kichwa kimelala upande. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimezika mdogo wangu. Nikafunga mdomo.

Usiku huo mama alishuka na blanketi na uji, akakaa naye. Mvua ilinyesha. Alfajiri nilijipenyeza katikati ya minyaa, utomvu ukaniingia jichoni, nikakimbia nusu kipofu mpaka barabarani na kusimama mbele ya lori. Nani, wapi, tangu lini, hali yake. Nikasema yuko hai. Askari wale hawakuuliza habari za kondoo, walishuka mbio. Walimkuta mama amempakata kichwa, na hiyo hali niliyoitaja ilikuwa imeshapita.

Msibani, nilivyosimuliwa baadaye, yalizungumzwa maneno ya bibi: alimwonya, na onyo limetimia. Wengine walitikisa vichwa kwa heshima. Miezi saba ilipoisha akachinjwa kondoo, baba akarudi, na baba mdogo akaja kunishika mkono huku anacheka. Nikamwamkia shikamoo. Ningefanyaje?

Bibi simlaumu. Yeye aliamini, na alimwambia Afande usoni, kwa upendo. Lakini nimebishana na watu wengi wenye vyeti wanaoniambia mila ni mila, na jibu langu ni lilelile: mguu uliovunjika haukuwa wa kuua. Onyo la bibi lilitimia kwa sababu kijiji kizima kilikaa ng'ambo ya ua kikalisubiri litimie. Na usiku mmoja, mimi nilikuwa mmoja wao. Yusto sasa ni mrefu kunizidi. Nilivuka, na hakupata hata kikohozi.

Likizo iliyopita baba mdogo alinipokea stendi kwa pikipiki yake mpya. Minyaa imekatwa. Njia ya chini imepanuliwa, bodaboda wote wanaipita kwa sababu inafupisha safari ya Endasak.

"Hii njia imetusaidia sana," akasema.

Kwenye kona ya korongo nikamwomba asimame. Nikashuka. Alisubiri kidogo, injini ikiunguruma, kisha akaniuliza kama kuna kitu nimedondosha.

"Hapana, baba mdogo. Wewe tangulia. Hapa mimi hutembea."