POLE 7: Vile stima ya msaada iliingia kwa ndama, si kwa nyumba yangu

Wakuu, salamu zenu. Hii ni ukweli mtupu. Kama naongeza chumvi, stima ipotee kabla nimalize kupost.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Merigi. Nilikuwa mama mchanga, firstborn ananyonya, na tulikuwa tunatumia koroboi. Nikimpangusa mtoto pua asubuhi, kitambaa inatoka nyeusi kama ya makanika. Alikuwa anakohoa usiku wote.

Mimi nilitaka balbu moja tu.

Wazungu wa msaada wakakubali kuleta stima. Kila boma, balbu moja ya bure. Surveyor akapiga kigingi mbele ya nyumba yetu, akaandika na rangi nyekundu: POLE 7.

Mimi nimemaliza form four, ningejua hiyo ni nguzo namba saba. Lakini nilikuwa nimepeleka majani chai buying centre. Aliyeisoma ni mama mkwe, na yeye anasoma Kiswahili ya Biblia tu.

"Bole saba," akasema, vile yeye hutamka pole. "Na hapa tuko saba. Nani anatutakia kifo?"

Akaing'oa. Na vile yeye hatupi kitu, akaipiga nyuma ya boma, kando ya kibanda ya ndama, akamfungia ndama hapo.

Nikamwambia bwanangu airudishe. Akasema, "Wacha Mama, atakasirika." (Wanaume wa hivyo bado wako?)

Mafundi wakafika. Wakatafuta kigingi mpaka wakaipata, wakamfungua ndama kwa heshima, wakaanza kuchimba.

"Nyumba ni ile pale," nikawaambia.

"Mama, sisi tunafuata kigingi."

"Hiyo ni ya ndama."

"Basi ndama ako kwa plan."

Balbu ikawekwa paa iliyo karibu na nguzo. Kibanda ya ndama. Mzungu akanisalimia kwa mkono, akasema congratulations.

Jioni ndama anacheua kwa mwangaza, mtoto wangu anakohoa kwa moshi. Nikabeba mtoto, godoro na sufuria, nikahamia kibanda. Ndama nikamfunga sitting room, na koroboi yake.

Bwanangu alijaribu kulala nyumba moja na ndama, akashindwa, akanifuata. Mwisho mama mkwe akaingia na Biblia yake.

"Songa kidogo," akaniambia. "Hapa mtu anaona."

Kikohozi iliisha. Hasira bado.

Funzo: kama hujaelewa maandishi, uliza kabla ung'oe. Na kwenu stima ilianzia wapi? Semeni hapo chini.

Mimi mpaka leo nangojea mama mkwe aniambie pole. Moja tu, si saba.