Udongo wa Mama Hauna Kosa

Nichekeni, lakini kwanza nisaidieni kumshukuru Mama kwa ubishi wake. Jiko letu la umeme hapa Bredäng, ughaibuni, lilianza kumpiga shoti kila alipoligusa. Mimi, mkalimani wa nyumba na profesa wa fizikia wa kujiteua, nikasema, "Mama, fundi wa nini? Nipe bisibisi."

"Ishike hiyo bisibisi nikuone! Wapigie wenye nyumba simu."

Nikapiga. Dada wa ofisini akasema huenda ni "jordfel", tusiguse jiko, fundi anakuja. Jord ninaijua: kwa lugha ya huku ni udongo. Fel ni kosa. Nikatafsiri kwa madaha, "Wanasema udongo una kasoro."

Mama akaitazama mikebe yake ya udongo aliyopandia sukuma wiki pale dirishani, karibu na jiko. Tukaibeba yote, tukaipanga kwenye ngazi.

"Tumepona," nikasema. "Niwaambie fundi asije?"

"Aje tu. Umeme hauchezewi."

Fundi akaja, akairuka mikebe, akauliza kulikoni. Nilipomweleza, alicheka hadi akaegemea ukuta. Kumbe jord ya mafundi ni waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na wetu ulikuwa umekatika nyuma ya jiko. Halafu akaacha kucheka. Akasema Mama angeligusa jiko kwa mikono yenye maji, huenda asingeamka.

Nikamgeukia Mama.

"Kasemaje?" Mama akauliza.

Nikamwambia yote, hata la udongo.

"Haya, mwambie asante," akasema. "Na hiyo uitafsiri vizuri."