Ugonjwa Uliokatazwa Jina

Mvua za kwanza ziliwahi mwaka ule, na minada ya korosho ilikuwa imepamba moto. Nilikuwa mtaalamu mchanga wa maabara katika ofisi ya afya Masasi, chini ya mama mmoja mzaliwa wa Newala aliyenifundisha karibu kila ninachokijua. Siku moja zikaletwa sampuli za wagonjwa kutoka kijiji chake mwenyewe, huko juu, ambako watu huteremka bondeni kuchota maji ya chemchemi. Tulipootesha vimelea, kikatoka kipindupindu. Akarudia kipimo. Jibu lilikuwa lile lile.

Mkuu wetu alitusikiliza akiwa amesimama.

"Mama, andika kuharisha tu. Tukitaja jina hilo sasa, wanunuzi watakimbia. Wakulima watatulaani."

"Jina nimelikuta, baba, sikulitunga. Siwezi kuandika jingine."

Mkuu akanigeukia. Nami nikasema siwezi.

Kesho yake gari la matangazo lilipita vijijini likisema ni tumbo la kuharisha la kawaida la msimu wa maembe. Mkuu alikuwa ametoa taarifa bila sisi.

Yule mama alimpigia simu mama yake mzazi palepale maabara, kwa sauti kubwa ili bibi huyo asikie.

"Shikamoo, mama. Maji ya chemchemi msinywe bila kuchemsha. Kuna kipindupindu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari la ofisi yenu limesema tumbo tu? Unawabishia wakubwa zako?"

"Nimekiona kwa macho yangu, mama."

Bibi alicheka, akaulizia wajukuu.

Siku chache baadaye tuliitwa. Tulipofika Newala bibi alikuwa amelazwa zahanati, macho yameingia ndani, hawezi hata kuitikia shikamoo. Hakuiona jioni.

Msibani wanawake walikuwa wameshateka maji ya kumwoshea maiti. Mwalimu wangu akasimama mlangoni, akawazuia.

"Msimguse. Ni kipindupindu. Wataalamu watamwandaa."

"Kwani si tumbo tu?" shangazi yake akauliza. "Leo hutaki mama yako aoshwe na watu wake?"

Alilia hapo hapo mlangoni, mikono imeshika fremu, na hakusogea.

Mkuu alikuja kuhani. Alimshika mwalimu wangu mkono. Nilidhani mama atamfokea. Alimwambia tu, "Tangazeni, baba." Siku ile ile tangazo likabadilishwa, lakini nyumba nyingine zilikuwa zimeshaanza kulia.

Tulipoteremka chemchemini kugawa klorini, dawa ya kusafishia maji, mzee mmoja alikuwa akijaza dumu lake.

"Mtuambie basi," alisema bila ukali. "Tangazo la leo ndilo la kweli, au tusubiri gari lingine?"

"Hili ni la kweli, baba," mwalimu wangu akamjibu.

Mzee alijitwisha dumu, akaanza kupanda kilima bila kuchukua dawa.