Niliziba Rejeta kwa Unga wa Shangazi

Jamani, mimi ni mkosaji, na sikuja hapa kujitetea. Nataka tu kulitoa hili kabla halijanipasua kifua. Jina langu nalificha, ingawa waliokuwepo Buhongwa siku ile watanitambua tu. Ni mimi yule dada mwenye gari lililotapika uji.

Nina duka la vitenge Mkuyuni, na nina gari dogo jeupe ambalo nililipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Mdogo wangu Neema alipopata mchumba, kwenye kikao cha kwanza cha kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, nilisimama nikatangaza kwamba bibi harusi atapelekwa ukumbini na gari la dada yake. Wajumbe walitaka kukodi gari la maana. Nikawaambia la kwangu ndilo la maana! Wakapiga makofi, na mimi, mjinga, nikayaamini.

Wiki ya sherehe gari likaanza kuvuja. Kila nilipoliegesha liliacha kidimbwi cha maji chini. Nikalipeleka kwa Fundi Maduhu, jirani wa duka langu. Akachungulia, akasema, "Dada, usinunue rejeta nyingine. Hii ni ya shaba, inachomeleka. Niachie kesho asubuhi niishushe, jioni unaondoka na gari lako."

Mtu mwenye akili angesema asante. Lakini kesho yake kamati ilikuwa inakutana dukani kwangu, na gereji ya Maduhu inatazamana na mlango wangu. Yaani wajumbe walione gari la bibi harusi boneti wazi, utumbo nje? Thubutu! Nikamwambia Maduhu nitarudi baada ya sherehe.

Ushauri hauna uhaba mjini. Mteja mmoja akaniambia mumewe aliwahi kuziba rejeta kwa ute wa yai. Mwingine akasema yai peke yake ni dhaifu, tia na binzari ya manjano. Nikatia vyote. Na kweli, matone yakakata! Nikajiona injinia. Nikaanza kuwashauri hata wapita njia wenye magari mazima.

Wakati huo shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikuwa amefika kwa meli kutoka kisiwani, Nansio. Alileta mfuko wa unga wa udaga, muhogo alioulima, akauvundika na kuutwanga mwenyewe, ili Neema aingie nao jikoni kwa mumewe. Mfuko ukawekwa nyumbani kwetu Usagara, umefungwa kwa utepe, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Sasa shangazi mdomo wake hauna breki. Alipoliona gari langu uani alisema mbele ya watu wote, "Hili mbona linakojoa? Kodini lingine, mtoto wangu asije akaaibika."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Asubuhi ya sherehe nikainama kuchungulia, nikaona kweli kuna tone. Nikawaza hivi: ugali wa udaga ukishika kwenye sufuria, hautoki mpaka uusugue kwa stiliwaya. Kama yai limeziba nusu, udaga utaziba moja kwa moja! Nikaingia ndani, nikafungua utepe, nikachota bakuli zima, nikaukoroga na maji, nikaumimina kwenye rejeta. Kisha nikaufunga utepe kama ulivyokuwa.

Mchana tukaondoka Usagara. Mimi kwenye usukani, mama mdogo, mdogo wake mama, pembeni yangu, Neema na shangazi nyuma. Pikapu ya matarumbeta ikatufuata inatikisa barabara. Tulipofika Buhongwa mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho, na moshi ukaanza kutoka. Nikasimama. Wapiga matarumbeta wakadhani ni mbwembwe, wakazidisha.

Nikafungua boneti, nikakishika kifuniko cha rejeta kwa kitenge, nikakizungusha. Msifanye hivyo, nawaomba! Kifuniko kiliruka, uji wa njano ukapanda juu kama bomba lililopasuka. Ukashukia kioo, ukashukia sare yangu, ukamfikia na Neema aliyekuwa ameshuka kuja kuuliza kuna nini. Mungu alisaidia, viliungua vidole vyangu tu. Gauni ndilo lililokwisha.

"Gari linatapika uji!" mama mdogo akapiga kelele. "Wapi mmeona gari linatapika uji?"

"Huo ni mkono wa mtu," akasema kijana mmoja wa bodaboda, kwa uhakika wa daktari.

Mama mdogo akageuka polepole. "Nani kaja na unga kwenye nyumba yetu? Nani kasema gari hili litatuaibisha?"

Watu wote wakamtazama shangazi. Alisogea kwenye boneti, akachovya kidole kwenye ule uji, akanusa. Mtu anaujua unga wake. Kisha akanitazama mimi, akasubiri.

Alinisubiri, jamani! Ilikuwa zamu yangu kusema. Na mimi nikainua mikono yangu yenye manjano, nikasema, "Mungu atatupigania."

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa kwenye msafara akaikemea injini kwa jina la Yesu. Neema akapandishwa kwenye pikapu, akaingia kwenye sendofu yake amekaa kati ya ngoma na tarumbeta, kajifunga kitenge kuficha doa. Shangazi hakupanda. Alirudi Usagara akachukua begi lake, na meli iliyofuata ikamrudisha Nansio. Ule mfuko wa unga mama mdogo aliuchoma moto nyuma ya nyumba huku anaimba pambio.

Kwetu shangazi ndiye anayemkalisha bibi harusi chini na kumfunda. Neema alifundwa na mama mdogo, ambaye ndoa zake mbili zote zilimshinda. Siku ya harusi Neema alilia kanisani, watu wakasema ni machozi ya furaha. Mimi nilijua anamlilia nani, na nilikaa kimya kwenye benchi la mbele.

Maduhu alipolifungua gari alicheka mpaka akakaa chini. Nikajaribu na kwake: nikamwambia familia yetu inaandamwa.

"Mchawi gani huyo anayetia binzari?" akaniuliza.

Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa imepinda kwa joto, na njia za maji zimejaa ugali. Aliuchokonoa siku nyingi, boneti wazi, mbele ya mlango wangu, kamati nzima inapita inaona. Na rejeta? Alilichomelea lile tundu, dogo kama punje ya mtama, basi. Mpaka leo natembelea rejeta ile ile.

Ila shangazi hapigiwi simu na mtu nyumbani. Neema sasa ni mjamzito, na mama mdogo ameshasema huyo mtoto hatapelekwa Nansio hata kusalimia.

Wiki iliyopita mama mmoja muuza dagaa, anayekuja na meli, alipita dukani. Akaniwekea mezani mfuko wa udaga, umefungwa kwa utepe.

"Shangazi yako anakusalimu," akasema. "Kaniambia nikwambie, huu ni wa kula."

Nililia mbele ya wateja. Alijua tangu Buhongwa! Angeniumbua kwa neno moja, na badala yake amebeba jina la uchawi kwa ajili yangu.

Nimeandika haya ili nizoee kuyasema. Jumapili nimewaita wote, Neema na mama mdogo pia. Nitausonga unga huo, na nitasema kabla hawajanawa mikono. Naogopa sana, sifichi.

Nyie wenzangu, rejeta ikivuja mwachieni fundi hiyo siku moja, na watu waione boneti wazi, hawatakufa. Na mtu akisingiziwa kosa lako mbele yako, sema hapo hapo, uji ukiwa bado wa moto. Mimi niliuacha ukapoa, na sasa nasugua.